Mkwe Kwenye Mwamba

Mwaka mzima Nangila aliimba wimbo mmoja kibandani kwake Nakivubo, huku akipanga viatu vya mitumba: safari hii ya wauza viatu, lazima apande mwamba mkubwa wa mbuga ya Mlima Elgon, asimame juu kabisa. Wenzake walichoka kusikia.

Siku ikafika, wakaondoka Kampala alfajiri, na balaa likawa dereva. Yule waliyemkodi aliugua, akaletwa Wanjala, mume wa bintiye Nangila. Na kwa Wabukusu, mama hamtazami mkwewe usoni wala hampi mkono. Hiyo ni heshima, haina mjadala. Nangila akajifunika kitenge, akakaa kiti cha nyuma mpaka mbugani, utadhani bibi harusi.

Kule miamba ilisimama wima, mingine imeegemeana, mingine imebeba mawe kichwani. Wenzake wakapanda mmoja mmoja, wakivutwa mkono penye utelezi. Na mvutaji nani? Wanjala huyo huyo, maana ndiye aliyekuwa na nguvu kuwashinda wote. Nangila akabaki chini, machozi yakimlenga. Majigambo yote yale!

"Wewe kuja!" Munirah, Mnubi jirani yake sokoni, alimwita kutoka juu. "Hii kijana hapana simba, hakuli watu!"

"Siwezi kumshika mkwe wangu, Munirah. Heri nirudi hivi hivi."

Wanjala akasikia. Akageuza mgongo, akamwambia Munirah, "Mwambie mama anirushie kitenge chake."

Mama mwenyewe yuko hatua chache tu, lakini Munirah akamrudishia neno kwa neno, akicheka hadi kushika mbavu. Nangila akarusha ncha moja, akashika ya pili. Kijana akaitupia begani, akapanda bila kugeuka, na mama nyuma yake, macho chini, taratibu, mpaka kileleni.

Huko upepo ulimpokea, tambarare yote imetandazwa mbele yake. Akapiga vigelegele mpaka nyani wakakimbia. Alifurahi, jamani, alifurahi!

Jumatatu bintiye alipopita kibandani, Nangila alimkabidhi jozi ya buti, soli nene.

"Za mumeo. Zile zake zimelika kisigino cha kushoto, siku moja atateleza."

"Mama, saizi yake umeijuaje?"

Nangila akacheka. Uso wa mkwewe hajauona sawasawa mpaka leo, lakini ile miguu aliitazama mwamba mzima.