Siku Susu Alipokatazwa Kulima

Harufu ya magugu mabichi yaliyong'olewa baada ya mvua bado hunikaza tumbo. Wenzangu wa kidato cha tatu husema ni njaa. Waseme tu, hawakuwa Kivaa siku ile Susu alipopotea.

Susu ni nyanya yangu, mama wa baba; watoto wake humwita Mwaitu, yaani mama. Alikuwa ameanguka shambani akilima, basi watoto wake wakafanya mkutano juu yake bila kumwuliza. Shangazi, ambaye kazi yake mjini ni ya kiti kinachozunguka, akatoa hukumu: "Mwaitu, umefanya kazi ya kutosha. Sasa wewe ni kula na kupumzika."

Baba akafungia jembe stoo. Susu alitazama ufunguo ukiingia mfukoni. Mimi nilimwonea wivu. Nilikuwa darasa la pili, na mtu kukatazwa kazi kisha aletewe uji, nilidhani huko ndiko mbinguni tunakohubiriwa.

Lakini Susu aliacha kula. Hata nilipoiga mwendo wa katekista, mchezo uliokuwa ukimtoa machozi kwa kicheko, alikaa akiitazama mikono yake mapajani kama mizigo ya mgeni aliyesahau kurudi.

Alasiri moja tulikuta kiti chake kitupu. Ndara zake zilikuwa njiani, kwenye njia ya kwenda bwawani, ambako mamba hawaulizi mtu umri. Baba akakimbia, tumbo likimtangulia, na kwa mara ya kwanza sikuona cha kucheka. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Alisimama ukingoni akiita, "Mwaitu, Mwaitu," kwa sauti ya mtoto.

Tulipokuwa tukirudi kuita watu ndipo tukamwona, shambani kwa jirani yetu Mama Mutindi, miguu mitupu, akipalilia kunde kwa jembe la kuazima.

"Mama Mutindi, unampaje mzee kazi?" Baba alihema.

"Aliniomba. Wewe ungemnyima?"

Baba akamgeukia mama yake. "Mwaitu, kwetu tunakupenda. Huku unatafuta nini?"

"Huku hawanipendi sana," Susu akajibu bila kuinua kichwa. "Sogea, unakanyaga kunde."

Baba akasogea. Jioni hiyo Susu alimaliza bakuli la muthokoi, akaomba lingine.

Wakati ule niliona tu kwamba nyanya ni mkaidi. Siku hizi mwalimu akituambia tusome ili tusije tukalima, mimi hunyamaza, jambo linalomshtua sana. Sikujua kwamba siku zile zote tulikuwa tukimzika Susu taratibu, kwa mapenzi mengi, mpaka akajitafutia mwenyewe pa kutokea.