Jeneza la Kuwekea Vifaa

Kabla ya jeneza tulikuwa tumeshaibiwa mara moja, kule Nyakabuye. Tulikuwa tunaezeka darasa, tukaacha vifaa ndani, mlango tukaugongomea misumari, tukaenda zetu kulala. Asubuhi tulikuta mlango umelazwa chini na misumari yetu imepangwa vizuri pembeni. Mwizi mwenyewe alikuwa na adabu. Alichukua msumeno mkubwa na nyundo, akatuachia penseli.

"Ametuachia penseli tumuandikie asante," alisema mwenzetu wa Bugarama. Mimi nilicheka, mpaka nilipomwangalia Papa.

Papa hakuwa baba yangu. Alikuwa fundi wetu mkubwa, Mswahili wa Kamembe, mtu wa msikitini, na sisi wawili tuliofanya kazi naye tulimwita hivyo kama mtaa mzima. Karakana yake iliporwa wakati wa vita, zikabaki kuta. Hata meza ya kazi waliibeba, na mpaka leo sijui waliipitisha wapi, maana yeye mwenyewe aliijengea ndani. Aliporudi alianza upya, akinunua kifaa kimoja kimoja cha mitumba sokoni Bukavu: leo patasi, mwezi mwingine pima maji, baadaye randa ambayo mpini wake ulikuwa umeliwa na kiganja cha mtu mwingine. Papa alisema huyo mtu lazima alitumia mkono wa kushoto, akamwombea heri popote alipo.

Sasa vita vilikuwa vimehamia ng'ambo ya mpaka, upande wa Bukavu. Mpaka ulikuwa unafungwa na kufunguliwa bila mtu kujua sababu, na siku nyingine tulisikia milio kutoka upande wa pili tukiwa juu ya paa, tukashuka, tukangoja, tukapanda tena. Sokoni Kamembe ulipata sabuni, ulipata chumvi, msumeno hupati. Papa alituambia wazi: vifaa hivi vikiondoka, yeye anarudi kukaanga mandazi kama alivyofanya ukimbizini, na sisi kila mtu atajua la kufanya. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia kesho kuna mvua.

Ndipo tukapata kazi ya kuezeka shule Nzahaha.

Kubeba vifaa kila siku kutoka Kamembe hakukuwezekana, kwa sababu ya bariyeri za barabarani. Askari walimwaga gunia chini, wakauliza habari za kila chuma.

"Na hii?"

"Ni patasi, afande."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kutoboa ubao."

"Na ubao umekukosea nini?"

Wengine walikuwa wanatania tu, lakini utani wao ulimaliza asubuhi. Kwa hiyo vifaa vilipaswa kulala shantiye, pale pale kwenye ujenzi. Kuviweka kwa jirani, Papa hakutaka. Nyumba nyingi zilikuwa na watu waliorudi juzi, na nyingine zilikuwa na watu wapya kabisa. Alisema hataki kumpa mtu asiyemjua mzigo wa kuja kuulizwa kesho.

"Tuviweke kwenye sanduku la maiti," alisema mwenzetu wa Bugarama. "Mwizi atafungua mlango, ataona sanduku, ataomba msamaha, atafunga."

Alikuwa anacheka. Papa hakucheka. Alitafuna muhogo wake mpaka ukaisha, kisha akasema, "Tulitengeneze."

Tulilitengeneza kwa mbao zilizobaki kwenye paa, mbao mbichi, nzito. Papa aliliwekea sakafu mbili. Ukifunua kifuniko unaona jeneza tupu, la kawaida. Lakini chini ya sakafu ya juu kulikuwa na nafasi ya kina cha kiganja, na ubao wa miguuni ulichomoka kama droo. Humo tulilaza vifaa vimefungwa kwenye magunia, tukajaza maranda pande zote ili visigongane. Kazi ya kupiga randa nilipewa mimi. Niliifanya huku naota, kama kawaida yangu. Siku hizo nilikuwa nataka kutengeneza ngazi ya mbao, ngazi ya ndani ya nyumba, yenye kona, na nilikuwa natafuta mtu mwenye nyumba ya ghorofa atakayeniamini. Niliinua kichwa nikakuta ubao unang'aa.

"Wewe," Papa akasema, "hiyo ni boksi ya nyundo, si kitanda cha bibi arusi."

Msalaba Papa alikataa kuuweka. Mwenzetu alimwambia bila msalaba halitamtisha mtu wa Nzahaha, Papa akajibu, basi weka wewe, mimi naenda kunawa. Mwenzetu akaupigilia juu ya kifuniko.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyelinda shantiye usiku, zamu wa shule, mwenyeji wa pale pale mlimani. Alilizunguka lile jeneza akaona si jambo dogo, akamuuliza Papa.

"Mzee, hii jeneza ni ya nani?"

Hapo ndipo penye kosa letu, na lilikuwa kosa la Papa kabisa. Kumtajia mtu aliye hai kwamba jeneza ni lake ni kumwitia mkosi, na Papa hakutaka kutaja mtu. Mwenzetu alifungua mdomo aseme ni la shangazi yake, Papa akamkatiza. Akasema lililokuwa karibu kichwani mwake:

"Jeneza haina mwenyewe. Ni ya kila mtu. Mwenye shida ndiye anabeba."

Alikuwa anafikiria jeneza la msikitini kwao. Lile ni moja tu, limeegeshwa ukutani; linambeba huyu mpaka kaburini, linarudi tupu, linamngoja mwingine. Nadhani hata hakujua kama amesema kitu. Yule zamu alitikisa kichwa, akashika kofia yake, akasema, "Mungu awabariki."

Alhamisi jioni tulivilaza vifaa kama kawaida. Ijumaa Papa hafanyi kazi. Jumamosi asubuhi tulipofika, pembe ya darasa tulipoliweka jeneza ilikuwa tupu, imefagiliwa.

Papa aliangalia ile pembe, akaketi juu ya matofali. Mimi miguu ilikuwa imeshaanza kukimbia bila kujua inaenda wapi. Zamu akatoka nyuma ya ukuta, uso mkunjufu.

"Nimeshaitoa," akasema.

"Umetoa nini?" mwenzetu akauliza.

"Ile jeneza yenu. Maman wa pale chini amefariki juzi usiku. Batoto bake walikuwa wanatafuta mbao, mbao hakuna. Nikawaambia, mafundi wetu ni watu wa Mungu, wameacha moja kwa mwenye shida." Akamgeukia Papa. "Ni nzito, Mzee! Lakini nzuri sana. Wanamzika sasa hivi."

Ungemwambia nini? Alikuwa amelinda alichoambiwa kulinda, na alichoambiwa kugawa amegawa. Mwenzetu alimshika mkono tu, akasema, "Tuonyeshe njia, mzee wangu."

Tuliwakuta wanateremka katikati ya migomba. Jeneza lilikuwa mabegani mwa wanaume, na kila walipotembea kidogo walisimama, wakabadilishana, wakapumua. Nikaliona jua linateleza juu ya mbao zangu. Nyuma yao walikuja wanawake wanaimba polepole, na mbele kwenye shamba niliona udongo mwekundu umerundikwa.

"Papa, sema nao," mwenzetu akanong'ona.

"Nisimamishe maiti kwa ajili ya nyundo?"

"Si nyundo. Ni kila kitu."

"Najua ni kila kitu."

Akavua kofia yake, halafu akakumbuka kwamba kwao haivuliwi, akairudisha. Akasimama pembeni na waombolezaji wengine. Jeneza liliwekwa juu ya magogo mawili kando ya kaburi, watu wakaanza kusali. Papa alikuwa anaangalia chini. Midomo yake ilikuwa inatembea, na nilijua hasali kwa sauti kwa sababu sala zake si zile. Kichwani nilimwona na sinia la mandazi. Nilimwona vizuri, amekaa kwenye kituo cha magari Kamembe na karatasi za kufungia, na mikono yake ile inakanda unga. Nikaanza kulia. Mimi nikilia silii kidogo.

Mama mmoja mzee, aliyekuwa karibu na jeneza kuliko wote, alinisogelea akanishika bega. Alikuwa mdogo wa marehemu.

"Pole, mutoto wangu. Wewe ni wa nani? Ulimjua dada wapi?"

Ningeweza kusema lolote. Lakini alikuwa amenishika vizuri mno.

"Simjui, Maman. Mimi ni fundi. Vifaa vyetu viko chini yake."

"Chini ya nani?"

"Chini ya dada yako. Ndani ya jeneza. Kuna sakafu nyingine."

Sala ikakatika. Kijana mmoja kati ya wabebaji akapaza sauti: "Hawa batu wanataka kupora maiti! Wamemaliza wazima, sasa wamekuja kwa maiti!" Watu wakatuzunguka. Mwingine akasema kilichoingia kwenye sanduku la mtu ni cha yule mtu, basi. Neno kupora miaka ile halikuwa neno la kuchezea, kila aliyekuwa pale alikuwa ameporwa kitu. Papa alikuja mbele, mikono wazi.

"Sijaja kupora," akasema. "Kosa ni langu, maneno yalikuwa yangu. Mkisema vizikwe, vizikwe. Nitawasaidia kufukia."

Na angefanya hivyo. Mimi namjua.

Mtoto mkubwa wa marehemu, mwanamume wa makamo mwenye koti la kuazima, alisogea mbele. Alikuwa anaangalia jeneza.

"Maman aliugua mpaka akaisha," akasema. "Mimi nilikuwa nambeba mgongoni peke yangu kwenda kwa daktari, kama mtoto. Leo wanaume wanapokezana, wanatoa jasho. Tangu nyumbani najiuliza ni nini hiki." Akamgeukia Papa. "Utamgusa?"

"Simgusi. Kifuniko hakifunguliwi. Vinatokea miguuni."

"Toa."

"Atatoaje bila padri kusema, na hapa hayupo?" yule kijana akauliza.

"Maman hakulala na kitu cha mtu hata siku moja," alijibu mtoto mkubwa. "Toa, Mzee."

Papa akapiga magoti. Akavuta ubao wa miguuni. Haukutoka. Mbao mbichi zilikuwa zimepinda, na mimi nilikuwa nimeupiga randa ukakaa sawasawa kabisa, hakuna hata pa kuingiza ukucha. Akavuta tena.

"Niletee nyundo," akaniambia, bila kufikiri.

Nilimwangalia. Yeye akaniangalia. Mwenzetu wa Bugarama akageukia migomba, mabega yakaanza kutikisika. Halafu yule mdogo wa marehemu akaelewa, akasema, "Mungu wangu, nyundo si iko ndani," na kicheko kikamponyoka, akaziba mdomo kwa kitenge, akacheka na kulia humo humo. Mchimba kaburi mmoja akampa Papa jembe. Aligonga kwa kisigino cha jembe, taratibu sana, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa, mpaka ubao ukakubali.

Magunia yalitoka moja baada ya jingine, na maranda yakamwagika juu ya nyasi. Hakuna aliyeyagusa ila sisi. Papa alipotaka kurudisha ubao, yule mdogo wa marehemu akamzuia.

"Msimuache juu ya uwazi. Atalalaje?"

Akainama akaanza kuokota maranda, akayarudisha ndani kwa mikono yake. Wanawake wengine wakamsaidia, wakaongeza majani makavu ya migomba, wakashindilia mpaka nafasi ikajaa. Ndipo Papa akafunga. Safari hii alitumia nyundo yake, na misumari, kwa sababu hakukuwa na haja ya kufungua tena.

Waliponyanyua jeneza kulipeleka kwenye kamba, lilipanda haraka kuliko walivyotegemea, karibu wajikwae. Mtoto mkubwa akasema, "Ndiye huyo," akageuka pembeni.

Tulibaki tukafukia pamoja nao. Baadaye walitupa maji ya kunawa na tukakaa kwenye baraza lao, maana kuondoka mara moja ingekuwa aibu nyingine. Papa alimwomba radhi mtoto mkubwa mara nyingi mpaka akamwambia inatosha.

"Usiku vitalala wapi?" mtoto mkubwa akauliza.

"Sijui. Jeneza nyingine sitengenezi."

"Lete hapa. Chumba cha Maman kiko tupu, na sitaki kukiona kiko tupu."

Najua Papa alikuwa anafikiria karakana yake, na Nyakabuye, na maneno yake kuhusu mtu asiyemjua. Kisha akatuambia tuingize magunia.

Kwa hiyo kila jioni, mpaka paa la shule likaisha, tulishusha vifaa mlimani tukavilaza chini ya kitanda cha marehemu. Asubuhi mtoto mkubwa alitufungulia, na mara nyingi chai ilikuwa tayari. Niliona mguu mmoja wa kitanda unacheza, nikaukaza. Hakukupotea hata msumari. Zamu naye aliendelea kulinda darasa tupu kwa bidii ile ile, na kila mgeni alimwambia kwamba sisi ndio mafundi tuliotoa jeneza bure, nasi hatukumsahihisha.

Siku ya mwisho tulikusanya kila kitu, tukafunga magunia, gari la kwenda Kamembe likiwa linangoja barabarani. Mtoto mkubwa akaja na aibu kidogo. Alitaka kuweka kitasa kwenye mlango wa mbele. Akaomba tumwachie keke ya kutobolea mpaka tutakapopita tena huku.

"Mpaka mtakapopita" haikuwa siku yoyote. Nzahaha hatukuwa na kazi nyingine. Mwenzetu alianza kutafuta maneno ya kumkatalia kwa upole.

Papa alifungua gunia, akaitoa, akaifuta kwa shati lake, akampa.

"Usiilazimishe," akamwambia. "Mbao ikikataa, pumzika kwanza."

Tukapanda gari.