Idd ya kwanza baada ya kutoka nyumba ya watoto: nilipewa kitabu cha wageni kwetu

Wakuu, heshima zenu. Walio wakubwa shikamooni. Haya ninayoyaleta yalinikuta mimi mwenyewe, sijatia chumvi hata punje.

Nimelelewa kwenye nyumba ya watoto huko Msambweni tangu sijui kufunga vifungo vya shati. Nilipotimiza miaka kumi na minane nikaambiwa muda wangu umekwisha, ndiyo sheria. Nikapewa godoro, sufuria na dua, nikatafutiwa kazi ya laundry kwenye hoteli moja Diani. Chumba nikapanga Ukunda.

Siku ya kwanza nilisonga ugali wa kulisha ukoo mzima. Sikuwahi kupikia mtu mmoja, wakuu! Kwetu tulikuwa arubaini na kitu. Majirani walikula mpaka wakaniuliza kama nina hitima.

Kucheka kando, upweke ulinitafuna. Sikuwa hata na mtu wa kumwambia nimefika salama.

Ikakaribia Idd. Pale kazini kila mtu anazungumzia kwao. Mwenzangu akaniuliza, "Salimu, kwenu wapi?"

"Msambweni," nikajibu upesi. Moyoni nikajiuliza kama bado ni kwetu. Nikaapa kwamba nikikuta wamenisahau, sitalisema tena neno hilo.

Asubuhi ya Idd nikavaa kanzu, nikabeba tende kilo mbili, huyoo nikaenda. Getini nikamkuta askari mpya. Hanijui, simjui. Akanisogezea kitabu cha wageni.

"Andika jina, unatoka wapi, na umekuja kumwona nani."

Jamani, geti lile nililipaka rangi mimi!

Nikaandika jina. Nilipofika kwenye "unatoka wapi", mkono ukagoma. Ninatoka wapi, kama si hapa? Machozi yakanilenga, mwanamume mzima na kanzu yangu. Nikamrudishia askari kalamu yake, nikageuka niende zangu.

Mara nikasikia sauti ya Bi Mwanasha, mpishi wetu. Huyo ndiye aliyenilea, ukali na yote.

"We Salimu! Waenda wapi? Saa hizi ndio wafika?"

"Shikamoo, Bi. Nilikuwa naandika kitabu."

"Marahaba. Kitabu cha nini? Mgeni ndiye aandikaye. Nazi zakusubiri tangu alfajiri, na hawa wadogo zako wazikuna kama wana homa. Ingia!"

Akachukua kalamu, akalikata jina langu mstari.

Nikaikalia mbuzi ileile niliyokunia nazi utoto wangu wote, ile yenye mguu mmoja mfupi, kanzu nimeikunja mapajani. Pilau ya siku ile sijaila tena popote, na nimefanya kazi hotelini miaka.

Bi Mwanasha ametangulia mbele ya haki, Mola amrehemu. Nammisi hata matusi yake. Siku hizi kila Idd nawahi getini mapema na kile kitabu nakikalia mimi, asije mwenzetu anayerudi akaandikishwa mgeni. Askari wamenizoea.

Nilichojifunza ni hiki: kijana anayetoka mumpe kazi na chumba, sawa. Lakini mumwachie na mahali atakapogombezwa akichelewa.

Mliopitia haya, semeni hapa chini sikukuu yenu ya kwanza mlikwenda wapi. Na wewe uliyetoka pale kwetu na unasita kurudi, ukifika usitafute kalamu.

Umechelewa. Nazi zakusubiri.