Pale Rangi Ilipokataa Kukolea

Mama zangu na dada zangu mnaomsubiri daktari, nisikilizeni kidogo. Mimi ni Zuhura wa Fumba, mtia rangi ukili, majani ya mkindu ya kusukia mikeka. Miaka yote nilichemsha rangi uani, nikaanika ukili kambani, mwekundu, wa kijani, wa zambarau, upepo ukauchezesha hata nisijue nipo macho au naota. Mikono yangu ilikuwa myekundu hadi viwiko, na nikipenda hivyo.

Basi nilipouona mkojo wangu mwekundu, nilicheka. Wifi yangu Mize, ninayesuka naye misala ya kuswalia, akanitania: "Wifi, rangi unatia ukili au unakunywa?" Baadaye nikasema ni kichocho, maana utotoni nani kwetu hakukipata? Nikameza vidonge. Damu ikakatika, ikarudi na mabonge, na kila nikikojoa nauma kanga nisipige kelele. Nikaficha miezi kadhaa kwa haya.

Mize ndiye aliyenikokota hospitali ya mjini. Wakaingiza mrija wenye kamera, wakakuta uvimbe kwenye kibofu, wakakwangua kipande kikapimwe. Ilikuwa saratani, imeshaingia kwenye msuli.

"Bi Zuhura, kibofu kitoke," akasema daktari. "Mkojo utatokea tumboni, kwenye mfuko."

"Nitaswali vipi na mkojo ubavuni? Bora nife nacho!"

Hakubishana. Akanifungulia picha ya kile kipande kwenye kompyuta. "Juu ya kila seli kuna protini, ndiyo inayoishikiza na jirani yake. Tumeitia rangi ya kahawia ionekane. Ikipotea, seli huachiana, zikatangatanga mwilini."

Nikainama. Niliona kahawia iliyoiva, kisha hafifu, kisha peupe.

"Hapa haikukolea," nikasema.

"Naam, Bi. Hapo protini haipo."

"Zishaondoka?"

"Vipimo havijaziona kwengine mwilini. Lakini hazitotungoja."

Nililia. Kazi yangu ndiyo hiyo, najua rangi ikikosa cha kushika. Mize akanishika bega: "Wifi, nimetoka nje sasa hivi, nshamuuliza sheikh kwa simu. Mgonjwa ana udhuru. Utatia udhu kila kipindi, utaswali."

Nikasema, "Kitoeni."

Katika usingizi wa dawa niliota ukili mwekundu ukielea hewani, mrefu, hauna mwisho. Niliamka na kiu na mshono wa tumbo zima. Mfuko ulinivujia kitandani, nikaona aibu, nikaudhika, nikajifunza kuubadilisha. Leo vipimo ni safi. Namshukuru Mungu, na yule daktari, na Mize wangu.

Mkiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, msiipe jina wenyewe. Nendeni mkapimwe.

Niliporudi nyumbani nilikuta msala tuliousuka nikiumwa. Upande wa kichwani una baka jeupe, ukili haukukolea. Mize alitaka kuutupa, nikamnyang'anya. Kila alfajiri natia udhu, nautandika, na paji langu linatua pale pale peupe.