Mapaa Mawili Katika Chumba cha Nyama

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa seremala wa kenchi za mapaa huko Mobeni, Durban, na sikuwa nimewahi kushika theluji. Hata hivyo tulipata kazi kwa mwalimu mstaafu aliyehamia milimani, upande wa Lesotho. Majira mawili ya baridi mfululizo dari lake lilivuja, na unyevu ukamharibu mumewe kifua. Alituambia wazi kwamba likivuja mara ya tatu, wataihama nyumba ile.

Fundi mwenzangu, Mrundi mwenye mikono myepesi kuliko yangu, alitaka tujaze sufi ya kuzuia joto mpaka chini ya mabati, lisibaki tundu. Mimi nilikuwa nimesoma katika kitabu cha mtumba kwamba paa la nchi ya theluji huachiwa nafasi juu ya sufi, upepo uingie upenuni na kutokea mgongoni mwa paa, bati libaki baridi na theluji isiyeyuke.

"Mzee, watu wanalia baridi, wewe unawafungulia mlango?"

"Siwafungulii wao, ndugu. Nalifungulia paa."

"Kwani paa iko na homa?"

Niliamua kupima. Nilitengeneza mapaa mawili madogo, kila moja juu ya sanduku lenye balbu ndani. Moja nililijaza sufi; la pili nililiachia nafasi ya vidole viwili. Tukakwangua barafu laini kwenye kuta za friza ya dukani, tukaitandaza juu ya yote mawili. Lenye nafasi ndilo lililoyeyusha kwanza. Mwenzangu alicheka hadi akakaa chini.

Ilinichukua siku mbili kuliona kosa. Ulikuwa mwezi wa kwanza, kiangazi cha huko, na upepo niliouingiza chini ya bati ulikuwa wa Durban, wa moto. Nilikuwa nimepima baridi ya mlimani kwa hewa ya pwani.

Kulikuwa na mtu wa Tanga mwenye bucha mtaa wa Umbilo, lenye chumba cha kugandishia nyama. Tukampelekea masanduku yetu.

"Mabanda ya kuku haya?" aliuliza. "Humu hawatagi."

Lakini alituvutia waya wa balbu, tukatandaza barafu upya. Baada ya saa nne tukafungua mlango. Juu ya paa lililojazwa, barafu ilikuwa imeyeyuka katikati, ikateremka na kuganda tena ukingoni kama kizingiti. Maji yaliyozuiwa nyuma yake yalikuwa yakipenya chini ya bati. Kwenye lile jingine barafu ilikuwa kavu, bado na alama za vidole vyetu.

Mwenzangu aliweka kiganja kwenye tundu la mgongoni, akakiacha hapo.

"Inapita kweli," alisema. "Na sufi yote nimeshaikata nene."

"Tutaikata upya."

"Eish. Tutaikata."

Mwezi wa saba, katikati ya baridi ya huko, paa likiwa limeshaezekwa, mwalimu alipiga simu karakana yetu. Theluji ilikuwa imelala juu ya paa siku tatu na dari lilikuwa kavu, ila mumewe alikuwa akisikia upepo humo juu na alitaka kupanda kuuziba. Nilimsihi amfiche ngazi.