Anga Nililolikata

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye duka la fremu za picha pale Kijenge, Mwenye Duka hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa msasa, akanionyesha rundo la mbao za mninga, akasema, "Sugua mpaka shavu lisihisi kitu." Nilisugua kutwa nzima. Jioni aliuweka ubao shavuni kweli, akautupa chini. "Kesho tena." Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, lakini leo namwombea pepo. Mzee yule alijua kazi.

Alinifundisha kwamba picha ya nyeusi na nyeupe haipendi dhahabu. Ipe mbao iliyokoza rangi, au mninga uliopakwa nta tu. Vanishi ya kung'aa waachie wenye makochi. Alinifundisha paspatu, ile kadi nene yenye dirisha katikati inayokaa kati ya picha na kioo. Wengi huiona pambo. Si pambo! Picha ikigusa kioo, masika yakaja na ukungu wa Meru ukashuka, karatasi hunata kwenye kioo kama ukoko kwenye sufuria, na huibandui tena. Nimeona maharusi wakibaki bila nyuso kwa uvivu wa fundi. Na picha haipakwi gundi mgongoni. Hushikwa kwa juu na vipande viwili vya karatasi laini, ikaning'inia, ikapumua. Nalisema kwa ukali kwa sababu juzi tu nimeingia duka moja mjini, nikamkuta fundi mzima, mwenye mvi, anaipaka picha gundi ya mbao. Nilimwambia nilichomwambia, nikatoka.

Mwenye Duka alipofariki, nilichukuliwa na hoteli moja ya watalii iliyokuwa na ukumbi wa kuonyeshea picha. Bosi wangu huko alikuwa Meneja wa Maonyesho, bwana wa suti, aliyenunua fremu kabla ya kuziona picha. Zote kipimo kimoja, zote rangi ya dhahabu, na kioo cha kung'aa hadi mgeni anayahesabu meno yake.

"Bosi," nilimwambia, "ukuta huu unatazamana na dirisha. Tuweke kioo kisichorudisha mwanga."

Akacheka. "Mama Neema, wageni wanataka mng'aro."

"Na picha isiyoenea kwenye fremu?"

"Picha inakatwa. Fremu haikatwi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile. Mtu ambaye hajawahi kushika kisu anawatungia sheria wanaoshika! Nilinung'unika jikoni na wapishi, kisha nikarudi mezani kwangu.

Ndipo akaja Mwalimu Lomayani, mstaafu kutoka upande wa magharibi wa Meru, aliyekuwa akipiga picha na kuzisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza alichokijenga nyuma ya nyumba yake. Alileta picha sita kwa ajili ya maonyesho. Mojawapo ilikuwa na mama mmoja na ng'ombe watatu waliokonda, wadogo kabisa, chini pembeni. Juu yao lilikuwa anga tupu, karibu karatasi nzima.

"Filamu ya hii ililowa ikaharibika," akaniambia. "Imebaki hii moja tu. Nitunzie, yeyo." Yeyo kwao ni mama, na alilitamka kwa heshima.

Meneja alipoiona akakunja uso. "Weupe wote huu wa nini? Kata ienee."

"Bosi, iko moja tu duniani."

"Maonyesho ni kesho. Kata, au nimwite anayeweza."

Nikakata. Ukanda wa anga ukaangukia mezani, na kabla sijauokota Meneja alishaukunja na kuutia kwenye pipa. Ningeweza kukitupa kisu na kwenda zangu. Sikukitupa. Nilikuwa nasomesha watoto, nikajipa sababu hiyo, na sababu hiyo haijawahi kunitosha hata siku moja.

Asubuhi Mwalimu alifika mapema, akasimama mbele ya picha yake, kofia mkononi.

"Anga liko wapi?"

Meneja hakupepesa macho. "Unyevu ulikuwa umeshakula sehemu ya juu, Mwalimu. Fundi wetu ameokoa kilichobaki."

Mwalimu akanigeukia. "Ni kweli, Mama Neema?"

"Ni kweli, Mwalimu," nikasema.

Aliigeukia tena picha. "Mwaka ule hatukuona wingu hata moja," akasema. "Sikupiga ng'ombe. Nilipiga lile anga." Kisha akanishukuru kwa kuokoa kilichobaki, akaenda zake.

Nilifanya kazi pale miaka mingine mingi. Siku ya kuniaga nilipewa blanketi, na Meneja akashika kipaza sauti: "Mama huyu hajawahi kunibishia!" Watu wakapiga makofi. Nililia kwa hasira, na wao wakadhani ni machozi ya furaha. Ninyi mnaoanza kazi hii, siku bosi atakapowasifu kwa jambo kama hilo, jiulizeni ni kazi ya nani mliyoiharibu. Mimi najua ya nani.

Wiki iliyofuata nilitoka kwangu Kimandolu nikapanda hadi kwa Mwalimu. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi, amezeeka, macho bado makali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Neema. Kaa."

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama kwamba hapakuwa na unyevu wowote, kwamba picha ilikuwa nzima, na kwamba ni mimi niliyeikata na ni mimi niliyedanganya.

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Niliileta kavu na nzima. Na huko mjini, nani mwingine anakata mstari ulionyooka hivyo?"