Bwana Mstari na Nyumba Isiyopimwa

Kisiwa kizima kilimwita Bwana Mstari, na si kwa mapenzi. Kazi yake serikalini ilikuwa kupita nyumba hadi nyumba na kopo la rangi nyekundu, akichora ukutani mahali bahari itakapofika miaka thelathini ijayo. Amechora weee, miaka mitatu, mpaka watu wakimwona kwa mbali wanafunga madirisha. Akishachora, mwenye nyumba anasaini fomu, anapewa kiwanja mtaa mpya, kule kwenye kifusi kilichoinuliwa.

Katika nyumba alizochora, aliyebaki kusaini ni mama yake mzazi. Orodha inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Asiyesaini, kiwanja hana. Na hiyo Ijumaa ilishafika, saa nne imegonga.

"Umechora ukuta wangu, nimenyamaza," mama alisema. "Mstari wenyewe chini ya goti! Nitavaa viatu vya mpira."

"Mama, nakuomba. Nitakuachaje humu?" Machozi yalimlengalenga, mtu mzima na kitambi chake.

"Na kwako maji yanafika wapi?"

"Kwangu?"

"Ehee, kwako. Au bahari ni shemeji yako, itakuruka?"

Jamani! Nyumba yake ilikuwa papo hapo mkabala, chini zaidi kwa ngazi tatu, na hakuwahi kuipima. Akaanza kujiumauma: sijui rangi imeisha, sijui mke wangu kapaka chokaa juzi tu. Lakini mama alikuwa mjane wa fundi mwashi. Mpira wa maji wa kupimia usawa, ule mrefu unaoonyesha maji ndani, yanayolingana sawa ncha zote mbili, aliushika kabla huyu bwana hajazaliwa. Akautoa uvunguni, akaweka ncha moja kwenye mstari wa ukuta wake, nyingine akamtupia.

"Ingia nayo chumbani kwako. Na usizibe kwa kidole, nakujua!"

Bwana Mstari akavuka nayo, akaipitisha dirishani kwake, akaingia. Maji mpirani yakapanda, yakashuka, yakatulia juu kabisa ya mto anaolalia.

"Yamefika wapi?" mama alipaza sauti.

Mkewe ndiye aliyejibu: "Yametufunika, mama!"

Bwana Mstari akakaa kitandani. "Labda kipimo kimekosea," akanong'ona. Hayo hayo aliambiwa kila mlango aliobisha, na kila mara alicheka moyoni. Sasa aliona aibu, akaogopa kweli kweli.

Mama akaingia anahema, fomu mkononi. "Andika jina lako kwanza."

"Kumbe ulikuwa unakubali kuhama?"

"Tangu mwaka juzi, mjinga wewe. Ila nikalale kule juu, mwanangu nimemwacha huku chini ya maji? Usingizi ungetoka wapi?"

Akasaini, kamasi zikimtiririka. Mama akasaini chini yake, kisha akamfuta pua.